Mjane wa Fundi Wangila

Abubaker hakutaka kumtazama Wangila usoni. Alivirudisha vifuko vya ngozi katika kavera ileile ya plastiki vilimoletwa, akaifunga mdomo kwa fundo, akaisukuma kwa kidole juu ya meza ya duka. Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, ilikuwa imefurika asubuhi hiyo kama kawaida yake. Wapagazi walipita na marobota kichwani wakifoka wapishwe njia, na Wangila ilimbidi asimame kiupandeupande mlangoni ili asikanyagwe.

"Fundi, kazi yako iko muzuri sana," Abubaker alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini watu hapana nunua. Hii ya China iko bei ya chini, tena iko na zipu."

Akamwonyesha kifuko cha plastiki kilichopakwa rangi ya ngozi. Wangila alikishika, akakinusa, akakirudisha mahali pake. Abubaker ndiye aliyekuwa akivichukua vifuko vyake na kuvisambaza kwa wachuuzi wa kalamu na madaftari mjini kote, na kama Abubaker amechoka, hakuna mwingine wa kwenda kumlilia.

Hapo mwanzo Wangila alikuwa fundi wa viatu. Alitoka kwao Kimilili akiwa kijana, akavuka mpaka, akajifunza kazi Kampala chini ya Mganda mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mitumba ilipoua kazi ya viatu, aligundua kwamba makarani wa mji huu, walimu wake, hata maofisa wa jeshi kule Mbuya, walikuwa na shida moja: kalamu zilivuja na kuchafua mifuko ya mashati. Akaanza kutengeneza vifuko vidogo vya ngozi ya mbuzi, vya kutia kalamu mbili au tatu, kipande kimoja kilichokunjwa, kikashonwa pembeni, na ulimi wake ukachomekwa chini ya ukanda mwembamba badala ya kifungo. Yeye alikata, mkewe Nasike akashona. Vifuko hivyo vilikuwa vimewalipia chumba cha Bukoto na shule ya binti yao wa pekee, Whitney, kwa muda mrefu kiasi kwamba walikuwa wamesahau kuogopa.

Aliporudi nyumbani na ile kavera, alimkuta Whitney ameketi mlangoni na sare yake ya shule, saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Hakuwa na haja ya kumwuliza kwa nini amerudishwa; karo ilikuwa haijalipwa. Msichana alitazama kavera, akatazama mikono ya baba yake, akainuka kumpisha aingie.

Nasike hakuwa mwanamke wa kukaa akishika tama. Alivaa gauni lake la kanisani, akavipanga vifuko katika kikapu, akaenda kuvitembeza kwenye maduka wanakonunua watalii. Siku ya kwanza walimfukuza wenye maduka. Siku ya pili alirudi kikapu kikiwa kitupu, na uso wake ukiwa na kitu ambacho Wangila alishindwa kukitambua.

Nasike alisubiri mpaka Whitney alipokwenda kuteka maji. Kisha akaeleza kwamba amekutana na mama mmoja anayeitwa Joska, mwenye ofisi, anayekusanya kazi za mikono na kuzipeleka Ulaya kwa chama kimoja cha wafadhili. Joska alikuwa amevigeuzageuza vifuko, amevisifu. Kisha alimwuliza anatoka wapi. Aliposema Kenya, Joska aliweka kalamu chini.

Huo ulikuwa mwaka wa fujo za uchaguzi kule kwao. Watu waliokuwa wamechomewa nyumba walivuka mpaka wa Malaba na magodoro kichwani, na wafadhili walikuwa wakiwatafuta, hasa wanawake waliofiwa. Nasike na mumewe walikuwa wamezitazama fujo hizo kama Waganda wenyewe, kwenye televisheni ya baa ya jirani, wakiwa wamesimama nje kwa sababu hawakuwa na cha kununulia soda.

"Anataka vifuko vingi," Nasike alisema. "Kila mwezi. Na mtoto atalipiwa shule ya bweni, nzuri. Lakini ni kazi ya wajane."

Wangila alicheka. Alidhani ndio mwisho wa habari, kwamba mkewe amemletea kichekesho.

"Ulimwambia una mume?"

"Hakuniuliza, Baba Whitney. Alisema, 'Pole kwa yaliyokupata.' Nikasema asante."

Wangila aliendelea kunoa kisu chake. Alikinoa mpaka mkewe akamwomba aache, kwa sababu kilikuwa kikali tangu zamani. Alimwambia kwamba kwao mtu hajitabirii kifo, na kwamba Mungu husikia hata yanayosemwa kwa mzaha. Nasike akamjibu kwamba Mungu alikuwa amesikia pia yale ya Abubaker. Walibishana hivyo kwa sauti ya chini, maana ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba, mpaka Whitney akaingia na dumu la maji. Wote wawili wakamtazama. Sare ilikuwa bado mwilini mwake. Alikuwa ameivaa tena asubuhi hiyo ingawa hakuwa na pa kwenda nayo.

"Waambie basi," Wangila alisema. "Waambie nilikufa."

Jirani wa ukuta ule mwembamba alikuwa Atoo, mwanamke wa kutoka Gulu. Mumewe alikuwa sajini. Aliuawa kaskazini, na yeye akapewa muda mfupi wa kuhama nyumba ya kambi pale Mbuya. Alihamia Bukoto na kitanda kimoja na watoto wake, akawa anauza mkaa. Nasike alimwendea kwanza na habari ya Joska, akidhani kwa wema kwamba nafasi hiyo ni yake kwa haki. Atoo alikwenda, akarudi. Joska alimwambia kwamba mjane wa mwanajeshi ana serikali yake, na tena wafadhili hawapendi habari za wenye bunduki.

"Mimi niliyezika sifai," Atoo alimwambia Nasike bila hasira, akipanga mkaa wake katika mafungu. "Wewe usiyezika ndiye unafaa. Basi chukua. Lakini nikufundishe: wakikuuliza, usilie upesi. Mjane hana machozi ya karibu. Yeye hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono."

Siku ya wageni kuja, Nasike alianua suruali za mumewe kwenye kamba, akaficha viatu vyake chini ya kitanda, akaiondoa picha yao ya harusi ukutani. Alama nyeupe ikabaki pale ilipokuwa, akatundika kalenda juu yake. Joska alikuja mapema kukagua. Alimkuta Wangila bado amesimama katikati ya chumba na kikombe cha chai mkononi. Wala hakumsalimu. Aligeukia dirisha akasema, kama anayezungumza na barabara, kwamba yeye hajaona mtu hapa na angeomba asionyeshwe mtu.

Wangila akachukua chai yake, akaenda kwa Atoo.

Huko alikaa juu ya gunia la mkaa, akasikia kila kitu. Alisikia wazungu wawili wakiingia, na viti vikisogezwa. Alimsikia Joska akitafsiri. Waliomba waone ngozi inavyokatwa, na Wangila akafumba macho, maana Nasike alijua sindano lakini kisu hakukijua. Ngozi ilipasuka kwa sauti mbaya. Nasike akaeleza kwamba mikono yake haijazoea kisu, kwamba aliyekuwa akikata ni marehemu. Mgeni mmoja akasema neno la upole. Kisha wakauliza alikufaje.

Wangila alisikia uzi ukipakwa nta, ukivutwa na kuvutwa tena.

"Walikuja asubuhi," sauti ya mkewe ilisema. "Alikuwa anakata ngozi. Walimwita kwa jina. Alitoka na kisu mkononi, si kwa kupigana, alisahau tu kukiweka chini. Yeye husahau hivyo kila siku, hata akiitwa kula."

Atoo, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kumenya. Wangila alitazama sakafu. Ilikuwa kweli kwamba husahau kukiweka kisu chini. Mkewe alikuwa amekichukua kitu cha kweli, akakitumia kumwua.

Kisha wakamgeukia mtoto. Joska akamwuliza Whitney anakumbuka nini kuhusu baba yake. Hawakuwa wamemfundisha jibu lolote. Walikuwa wamemwambia anyamaze tu, nao watu wataelewa.

"Alikuwa ananuka ngozi," Whitney alisema. "Nilikuwa sipendi. Nilikuwa namwambia anawe mikono kabla ya kunishika. Sasa natamani ile harufu."

Joska akatafsiri, na mgeni mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wangila aliinua mikono yake akainusa. Alinuka ngozi na mkaa.

Mambo yakawa mazuri, hilo halina ubishi. Ngozi zilikuja zimechaguliwa, laini, zisizo na makovu ya kupe. Kila kifuko kilifungwa kadi ndogo yenye picha ya Nasike akiwa ameinamisha kichwa, na chini yake maneno ya Kizungu. Whitney aliyasoma mara moja kwa sauti alipoombwa na baba yake, kisha akakataa kuyarudia. Walinunua kitanda cha Whitney na jiko la gesi. Wangila alikata nyuma ya pazia, mlango ukiwa umefungwa. Majirani walipouliza, aliitwa mjomba, kaka yake Nasike aliyekuja kusaidia. Wale waliomjua tangu zamani waliguna wakanyamaza. Katika mtaa ule kila nyumba ilikuwa na jambo lake la kunyamaziwa. Hata kanisani alianza kukaa benchi la nyuma, mbali na mkewe, kwa sababu Joska alikuwa na watu wake kila mahali.

Aliloshindwa kulizoea ni Jumapili za kutembelea wanafunzi. Shule ilikuwa upande wa Mukono, na geti jeupe, na nyasi zilizokatwa. Mara ya kwanza alikwenda pamoja na Nasike. Whitney aliwapokea vizuri, akawatambulisha kwa rafiki zake: mama, na mjomba. Alilitamka neno hilo bila kumeza mate. Walipokuwa wakila kuku waliyembeba, Wangila alinyoosha mkono kumfuta mtoto mchuzi kidevuni, na Whitney akarudi nyuma kidogo, akajifuta mwenyewe.

"Watu wanatazama," alimwambia kwa sauti ndogo, kwa upole wa mtu mzima.

Baada ya hapo Wangila alisema mgongo unamsumbua, akawa anamtuma Nasike peke yake.

Habari ya kifo cha mama yake ilimjia siku ya Alhamisi, kupitia simu ya ndugu yake Nashon. Bibi huyo alikuwa ameamka, amewasha moto, amekaa karibu nao, basi. Mazishi Jumamosi. Nashon akauliza kama wataleta mtoto. Hakuwa na haja ya kueleza. Whitney alilelewa Kimilili mpaka alipofika umri wa kuanza shule. Alilala mgongoni kwa yule bibi, alijifunza kusema katika Kibukusu chake, na alipoletwa Kampala alilia kwa wiki nzima akimwita, "Kukhu, Kukhu," mpaka Wangila akatamani kumrudisha.

Nasike hakuwapo. Joska alikuwa amempeleka Kigali kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na simu yake haikupatikana. Wangila alijaribu jioni, akajaribu alfajiri. Kulipopambazuka Ijumaa alivaa koti lake jeusi, akatia nguo mbili kwenye mkoba, akaenda Mukono kumchukua mwanawe.

Mwalimu wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alimkaribisha kiti, akamwita ssebo, yaani bwana, akamsikiliza kwa heshima. Wangila alijitambulisha kama mjomba. Alisema kuna msiba wa bibi, na kwamba atamrudisha mtoto Jumatatu bila kukosa.

"Pole sana," mwalimu alisema. "Lakini mtoto wa ufadhili tunamtoa kwa mama yake tu, au kwa chama. Mama yuko wapi?"

"Amesafiri. Simu haipatikani."

"Na bibi aliyefariki ni wa upande gani?"

"Wa upande wa baba."

Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Shuleni hapo walikuwa wamewahi kuja watu na maneno matamu kuchukua wasichana.

"Wewe ni mjomba, kaka wa mama," alisema polepole. "Mama yake baba wa mtoto si mama yako. Inakuwaje wewe ndiye unamfuata mtoto kwa msiba huo? Watu wa baba wako wapi?"

Wangila alikuwa hajalala, na hajala. Aliyatazama majani ya kijani nje ya dirisha, akamwona mama yake amekaa karibu na moto wake, na uongo ukamwishia mdomoni.

"Ni mama yangu," alisema. "Mwalimu, aliyekufa ni mama yangu. Mimi ndiye baba wa mtoto."

Mwalimu aliinua macho ukutani, ambako picha za wanafunzi wanaofadhiliwa zilitundikwa, kila mmoja na habari zake chini. Kisha akamtuma mtu amwite Whitney.

Aliingia na sweta ya shule, mrefu kuliko Wangila alivyomkumbuka, nywele zimekatwa fupi. Alimwona, na kwa kitambo kidogo sana uso wake ulifunguka. Ndipo mwalimu akamwuliza huyu ni nani, akamwambia ajibu bila woga, kwa kuwa anasema ni baba yake.

Uso ukafungika. Whitney alimtazama Wangila, akatazama meza, akatazama picha yake mwenyewe ukutani. Vidole vyake vilikuwa vimekamata pindo la sketi kwa nguvu.

"Ni mjomba," alisema. "Akilewa huwa anasema ni baba. Tangu baba afe yuko hivyo. Mama anajua."

Wangila hakuwahi kuonja pombe tangu alipobatizwa. Whitney alijua hivyo vizuri, kwa maana ndilo jambo ambalo bibi yake alikuwa akijivunia mbele ya wanawake wenzake. Mwalimu akamgeukia Wangila, akamwuliza kama ndivyo ilivyo.

Kwenye ile meza palikuwa na nafasi ya neno moja zaidi. Angeweza kusema jina la Kibukusu alilopewa Whitney na bibi yake, ambalo mjomba wa uongo asingelijua. Angeweza kuitaja alama iliyo mgongoni mwa mtoto, alipoungua uji akiwa mdogo. Alimwona mwanawe akimsubiri kama mtu aliyeweka shingo chini ya kisu.

"Ndivyo, mwalimu," Wangila alisema. "Nilipitia mahali asubuhi. Unisamehe."

Mwalimu alishusha pumzi, akaita askari wa geti. Wangila aliinuka, akachukua mkoba wake. Alipofika karibu na Whitney alisimama.

"Kukhu ametuacha," alimwambia. "Nilikuja tu ujue."

Msichana alimeza mate mara mbili.

"Pole, mjomba," alisema.

Askari wa geti alikuwa mtu wa kaskazini, aitwaye Onen, mwanajeshi wa zamani kwa namna alivyotembea. Aliagizwa amshike mkono mlevi asianguke kwenye maua, naye akamshika. Walitembea hivyo mbele ya madirisha ya madarasa, wanafunzi wakichungulia na kucheka. Getini Onen alimwachia, akasogeza pua karibu, akanusa.

"Mzee, wewe hujakunywa," alisema.

"Nimekunywa."

Onen alimtazama koti lake jeusi na mkoba wake. Akafungua geti, akampigia saluti kimyakimya, jambo lililomwumiza Wangila kuliko vicheko vyote.

Nasike alimpata kwenye simu jioni, basi likiwa limesimama Malaba na abiria wakipanga foleni ya kugonga mihuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia. Shule ilikuwa imempigia Joska. Joska alikuwa amemtoa kwenye meza ya maonyesho mbele ya watu, akamfokea kama mtoto. Nasike alitaka kujua mumewe alisema nini hasa huko Mukono, neno kwa neno.

"Nilisema nimelewa," Wangila alisema.

Wangila alisikia kelele za ukumbi nyuma ya Nasike, na muziki.

"Afadhali," mkewe alisema mwishowe, na pumzi zikamtoka. "Afadhali, Baba Whitney. Na mtoto alijibu vizuri?"

"Vizuri sana."

Nasike alimshukuru Mungu. Ndipo akakumbuka, sauti ikabadilika, akampa pole kwa mama. Alilia kidogo, machozi ya kweli, kwa maana yule mama mkwe alimpenda. Aliuliza alikufaje, kama aliteseka, nani atamwosha. Wangila alimjibu yote. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo, akisukuma mkoba kwa mguu.

Kisha Nasike akasema kwamba kuna jambo. Joska alikuwa ameona ni vizuri Wangila akae huko Kimilili kwa muda, mambo yapoe. Shule ilikuwa imeanza kuuliza habari za huyo mjomba. Wafadhili wenyewe walikuwa wakija mwezi ujao.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka Whitney amalize, anasema."

Whitney alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Wangila hakubisha. Aliuliza swali moja tu: ngozi itakatwa na nani. Alidhani swali hilo litamrudisha nyumbani, kwa sababu bila kisu chake hapakuwa na vifuko, wala kadi, wala shule.

Jibu lilikuja upesi mno. Kulikuwa na fundi mmoja wa mikoba, anaitwa Tarcisio, Joska alikuwa amekwisha kuzungumza naye, angeanza Jumatatu.

"Mkono wake si kama wako," Nasike alisema kwa huruma, akitaka kumfariji. "Lakini wao hawataona tofauti."